RTX 3060 na RTX 4060: kwa nini bado nashikilia gigabaiti 12

Mtu akiniuliza achukue RTX 3060 au RTX 4060, kadi mbili za picha za NVIDIA za kuchezea gemu kwenye kompyuta, mara nyingi huwa ameshaamua moyoni. Mpya ni mpya, na video za majaribio zote zinaonyesha mstari wa kasi wa 4060 ukiwa mrefu zaidi. Mimi humwambia achukue ile ya zamani, 3060, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, halafu inabidi nijieleze.

Karatasi ya sifa peke yake inachanganya. 3060 ilitoka Februari 2021 ikiwa na viini vya CUDA (vitengo vidogo vya hesabu) 3,584, kumbukumbu ya aina ya GDDR6 ya gigabaiti 12, na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 192 inayopitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. 4060 ikaja Juni 2023 na viini 3,072, gigabaiti 8, biti 128, gigabaiti 272 kwa sekunde. Ukifunika majina na tarehe, utaapa kwamba ya pili ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Lakini kwenye gemu nyingi kwa ukali wa picha wa 1080p ndiyo inayoongoza, kwa asilimia 15 hadi 20 hivi.

Inawezaje? Kwanza ni mwendo wa chipu. 3060 imechongwa kwa teknolojia ya nanomita 8 ya Samsung na kasi yake rasmi ya juu ni kama gigahezi 1.78, 4060 imetoka kiwanda cha TSMC na inafika 2.46. Viini vichache, lakini kila kimoja kinakimbia zaidi. Pili ni kache, yaani akiba ndogo ya data ndani ya chipu, iliyopanda kutoka megabaiti 3 hadi 24. Hapa NVIDIA wamefanya kazi nzuri na nawasifu kwa dhati. Fikiria nyumba yenye mtungi mkubwa wa maji: njia ya kwenda kisimani ikiwa nyembamba haikusumbui sana, kwa sababu huendi mara kwa mara. Ndiyo maana biti 128 hazikuiua kadi hii kama wengi tulivyohofia.

Shida ni kisima chenyewe. Mtungi hauongezi maji kisimani, na kache haiongezi kumbukumbu.

Tena hizo gigabaiti 8 hazikuja kwa bahati mbaya. Kila chipu ya GDDR6 inachukua biti 32 za njia. Biti 192 ni chipu sita, na kwa gigabaiti 2 kila moja unapata 12. Biti 128 ni chipu nne, basi 8. Alipoamua kubana njia, mhandisi alikuwa ameshabana na kumbukumbu. Na 3060 ilipata 12 kwa sababu chaguo jingine la kawaida kwa njia yake, chipu za gigabaiti 1, lingeiacha na 6.

Kwenye gemu inayotosha ndani ya gigabaiti 8, 4060 ni kadi bora, sibishani. Lakini weka teksicha (picha zinazovalishwa vitu vya kwenye gemu) za kiwango cha juu kabisa, washa ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing), kisha acha gemu ikae saa nzima. Kumbukumbu ikijaa, data inaanza kuazimwa kutoka RAM ya kompyuta kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na ubao mama, na hapo ndipo 4060 inapoumia mara mbili, kwa sababu ina leni 8 tu wakati 3060 ina 16. Kwenye ubao mama wa PCIe 3.0, ambao bado umejaa kwenye kompyuta za watu, leni 8 hazifikishi hata gigabaiti 8 kwa sekunde. Linganisha na 272 ilizozoea. Gemu inakwama, inaendelea, inakwama tena, au teksicha zinabaki na ukungu na hazisafiki. Wastani wa fremu (picha moja moja za gemu) kwa sekunde unaweza kubaki mzuri tu kwenye jedwali, kwa kuwa wastani hauonyeshi mikwamo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: jaribio la dakika mbili halikwambii utakachokiishi miaka minne.

Watu hunijibu kwa DLSS 3, teknolojia ya NVIDIA ya kuunda fremu ya ziada kati ya fremu mbili halisi, ambayo 3060 haina. Ni kitu kizuri pale unapokuwa tayari na fremu 60 au zaidi. Ukianzia 30, picha italainika lakini kipanya kitajibu kwa uzito uleule wa 30, na zaidi kidogo. Na fremu hizo za kuunda zenyewe zinakula kumbukumbu, yaani kile kile ambacho kadi imepungukiwa.

Nje ya gemu, kwangu mimi hakuna mjadala. Mfumo wa lugha wa akili bandia wenye vigezo bilioni 13, ukibanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo, uzito wake peke yake ni kama gigabaiti 6.5, ongeza nafasi ya mazungumzo na ya skrini, na gigabaiti 8 zinakuwa za kubembeleza. Kwenye 12 unapumua. Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ni vivyo hivyo: mandhari ikienea kwenye kadi, 4060 inaimaliza mapema zaidi, isipoenea, kasi yake yote inapotea.

Kuna mtu ambaye ningempa 4060 bila kusita. Anayerekodi na kurusha video moja kwa moja atafaidika na kisimbaji cha AV1 (kifaa cha kubana video kwa mfumo wa kisasa), ambacho 3060 haina. Mwenye kasha dogo au pawa saplai dhaifu pia, maana wati 115 dhidi ya 170 si tofauti ndogo: kwa saa 4 za mzigo kila siku ni takriban uniti 80 za umeme kwa mwaka. Joto na kelele navyo vinapungua.

Ukikubaliana nami na kuamua kuchukua 3060, geuza boksi usome vizuri. Mwishoni mwa 2022 lilitolewa toleo jingine lenye jina lilelile, RTX 3060, lakini lenye gigabaiti 8, biti 128 na gigabaiti 240 kwa sekunde. Viini ni vilevile 3,584, kwa hiyo muuzaji anaweza kukutajia namba ya kweli na bado ukatoka na kadi nyingine kabisa. Kuvipa jina moja vitu viwili tofauti hivyo ni kumkosea mnunuzi, na sioni namna ya kulitetea. Tafuta namba mbili tu kwenye boksi, 12 na 192. Moja ikikosekana, irudishe kaunta.