Magda Olivero alistahili santuri nyingi zaidi

Ukiwauliza wapenzi wa opera kuhusu masoprano (waimbaji wa kike wenye sauti ya juu) wa Italia, watakutajia Renata Tebaldi, labda na Mirella Freni. Jina la Magda Olivero huja mwisho, kama linakuja. Jambo hilo linaniudhi.

Olivero alizaliwa Saluzzo, Piemonte, mwaka 1910. Alipojaribiwa redioni Turin aliambiwa hana sauti. Mwalimu Luigi Gerussi hakukubali. Alimsimamia kwa ukali mpaka akajua kuitumia pumzi, kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kikibeba sauti na koo likabaki huru. Kazi hiyo ngumu ndiyo iliyomfikisha mbali, wala si zawadi ya kuzaliwa peke yake.

Alianza kuimba hadharani mwaka 1932. Mwaka 1941 akaolewa, akaacha jukwaa. Francesco Cilea, mtunzi wa opera ya Adriana Lecouvreur, alimsihi arudi amwimbie Adriana wake mara nyingine kabla yeye hajafa. Alirudi mwaka 1951, lakini Cilea alikuwa amefariki Novemba 1950. Inaniuma kwamba mzee yule hakuusikia urejeo alioupigania.

Msikilize katika "Poveri fiori", wimbo wa opera hiyo, Adriana anapoyalilia maua yaliyonyauka bila kujua yametiwa sumu. Anaianza noti kwa sauti nyembamba kama uzi, anaikuza taratibu, kisha anaipunguza tena bila kukata pumzi. Wapo wanaosema sauti yake ilitetemeka mno na haikuwa na utamu wa Tebaldi. Mtetemo ulikuwepo, sikatai. Ila Adriana ni mwanamke anayekufa kwa mapenzi, na mimi namwamini Olivero kuliko wote waliowahi kumwimba.

Na kampuni za santuri zilimfanyia nini? Opera kamili alizorekodi studioni ni mbili tu: Turandot ya mwaka 1938, akiimba kama Liù, kijakazi, na Fedora ya mwaka 1969. Kati yake, zaidi ya miaka 30 ya kipaji kilichokomaa! Mengi tuliyonayo yamenaswa ukumbini usiku wa onyesho, na sehemu yake ni kwa mikono ya mashabiki, kelele za jukwaa humo humo. Bila kanda hizo tungempoteza.

Jumba la opera la Metropolitan, New York, lilimpandisha jukwaani mwaka 1975, kwa opera ya Tosca, akiwa na miaka 65. Aliishi hadi 2014, akafia Milan akiwa na miaka 104. Kama hujawahi kumsikia, anza na Liù wa 1938, halafu nenda moja kwa moja kwenye Fedora.