Mama Tajiri Kafunga Mita

Matajiri wa bodaboda hapa Mwanza wapo wa kila namna. Yupo anayetaka hesabu yake saa kumi na mbili jioni hata kama mvua imepiga tangu alfajiri. Yupo anayekuja kijiweni kutikisa tenki asikie mafuta yaliyobaki. Wangu mimi, mama mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa kule Kirumba, anasoma mita.

Sisemi spidomita. Spidomita yangu mshale ulishalala kwenye 40. Tukisimama 40, tukikimbia 40, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nasema mita ya mizunguko, ile inayohesabu injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kwenye magari hukaa pembeni ya spidomita na dereva wa kawaida hana habari nayo. Kwenye pikipiki yangu, cc 125, kiwandani hawakuiweka kabisa, na mimi naamini wale watu walikuwa na akili zao timamu.

Balaa lilianzia ziwani. Mama alifunga vidude hivyo kwenye mashine za mitumbwi yake. Ni kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, kina kioo na waya mmoja, na huo waya unauviringisha mara tatu nne juu ya waya wa plagi, kazi imekwisha. Hakitaki hata betri ya chombo, kina yake ndani. Kila plagi ikitoa cheche, chenyewe kinasikia na kuhesabu. Kinaonyesha mizunguko. Ukizima, kinaonyesha jumla ya saa ambazo injini imewaka tangu kifungwe. Halafu, na hapa ndipo shetani alipojibanza, kinatunza mizunguko ya juu kabisa uliyowahi kufika. Kwa zile saa mama aliwabana vijana wake: wao walisema wameenda kuvua wakarudi, kidude kikasema walipita kwanza kusalimia mashemeji. Tangu hapo anakiamini kuliko anavyomwamini mumewe.

Sasa, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishawaka, dagaa hawana haja na taa ya mtu, mitumbwi inavutwa ufukweni, na mama anabaki hana la kufanya. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba ana pikipiki.

Akamtuma fundi wake wa mashine za boti. Fundi akaja na maneno ya darasani: hii ni injini ya mipigo minne, kwa hiyo plagi inachoma mara moja kila mizunguko miwili. Akaminya vitufe, akakipanga kidude kihesabu kila cheche moja kuwa mizunguko 2. Tukawasha. Silensa, yaani mizunguko ya injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta, ikasoma 2,800.

"Ona sasa!" akaniambia. "Silensa ya chombo hiki ni 1,400. Wewe unachoma mafuta ya mama bure."

Akatoa bisibisi, akalegeza skrubu ya kabureta taratibu mpaka 1,400 ikaonekana kwenye kioo. Pikipiki ikaanza kuhema kama bibi aliyepanda ngazi. Nikasema, fundi, mbona inataka kuzima? Akasema itazoea.

Haikuzoea. Ikawa kila nikiachia mafuta inazima. Foleni ya Buzuruga, imezima. Nasimama nimpishe mama mwenye beseni la sangara, imezima. Kile kilima cha Bugando sitakisahau: nimembeba dada anampelekea mgonjwa uji, hotipoti mapajani, tumefika katikati ya mpando, mbele kuna gari limesita, nikapunguza kidogo tu, kimya. Nikashika breki, napiga kiki, tunarudi nyuma, dada anamwita Yesu na hotipoti inamwagikia mgongoni kwangu. Uji wa ulezi ukiwa wa moto una adabu yake, unashuka polepole mpaka kwenye mkanda.

Kwa hiyo nikajifunza kusimama huku napiga resi muda wote, vruum, vruum, mtu mzima mwenye watoto. Trafiki ananiuliza nashindana na nani.

Abiria nao wakagundua kioo. Wewe unajua ni mita ya mizunguko, mimi najua, lakini abiria anayetoka mnadani anaona namba zinapanda anajua ni mita ya nauli. Mzee mmoja tulikubaliana elfu tatu, Igoma mpaka Mwaloni. Tumetoka tu, nimeingia gia ya pili, ananigonga bega: "We kijana, imeshafika elfu saba! Hatukukubaliana hivyo!" Nikabadili gia, namba zikashuka, akatulia. Nikavuta mafuta, akaanza tena kugonga. Safari nzima ninapigwa begani kila ninapoongeza mwendo. Tulipofika nikazima injini, kidude kikaonyesha saa zake: 214. Mzee akavaa miwani, akasoma vizuri, akanipa sarafu ya mia mbili na kunisamehe nisimdai hizo kumi na nne, maana chenji hana. Nilipoanza kueleza habari za mizunguko, vijana wa kijiwe cha pale wakaungana naye. Mita imeshasema, wakasema, wewe unabishana na mita?

Hayo yote ningeyameza. Lakini jioni nikipeleka hesabu, mama haangalii pesa tena. Anachuchumaa mbele ya pikipiki na miwani yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Injini imewaka kwa saa tisa na nusu leo. Hesabu ni ileile elfu kumi?"

"Mama, naogopa kuizima. Ikizima haiwaki."

"Na hii 15,200 ni ya wapi?"

"Ipi mama?"

"Ya juu kabisa. Jana. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nyegezi, mama."

"Nyegezi gani hiyo ya 15,200?"

Nikasingizia deiwaka, lakini deiwaka naye ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo nikanyamaza.

Kijiweni yupo kijana mmoja msukaji wa mikeka ya kubeti, hakuna mchezo duniani asioubetia. Nilipomtajia ile namba alicheka mpaka akashuka kwenye pikipiki yake. Akasema Formula 1 yenyewe, kwa kanuni zilizoanza 2014, injini hairuhusiwi kuzidi mizunguko 15,000. Fikiria. Mimi, na jezi yangu iliyochanika kwapa, nimebeba magunia mawili ya mkaa, nimepitiliza kiwango cha magari ya mabilioni. Mizunguko 253 kwa sekunde moja! Ingekuwa kweli, pistoni ingekuwa imeshatua Ukerewe.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa pikipiki, mtu asiyependa maneno, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akakitazama kidude, akaguna. Akanieleza kwamba kwenye pikipiki hizi ndogo kinachoiamuru cheche kipo kwenye sumaku, na sumaku imekaa kwenye shafti ya krenki, ile ambayo mizunguko yake ndiyo inayohesabiwa, inazunguka pamoja nayo. Kwa hiyo plagi inapiga cheche kila mzunguko. Cheche moja inachoma mafuta, inayofuata inapiga wakati moshi unatoka, haina faida yoyote. Yule wa boti darasani aliambiwa ukweli, ila pikipiki haikuwepo siku hiyo.

Yaani hata plagi yangu inapiga kazi mara mbili na kulipwa mara moja. Nilisikia uchungu wa kindugu.

Akaminya vitufe: cheche 1, mzunguko 1. Kile kilichokuwa kinasoma 1,400 kikasoma 700, ndiyo maana chombo kilikuwa kinakata roho. Akakaza skrubu mpaka ikawa 1,400 ya kweli, injini ikatulia, unaisikia tu tik-tik-tik. Akafuta na kumbukumbu ya juu. Nikazunguka mji siku hiyo nasimama kwa heshima, bila vruum, mpando wa Bugando nimeupanda nikiimba.

Jioni nikapeleka pikipiki kwa mama kifua mbele. Akachuchumaa. Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaipangusa kwenye kanga.

"7,600," akasema.

"Ndiyo mama. Imerekebishwa."

"Jana 15,200, leo 7,600."

"Ndiyo mama."

"Nusu ya injini yangu mmeipeleka wapi?"

Nikaanza na sumaku. Nikaendelea na krenki. Nilipofika kwenye cheche isiyo na faida akanyanyua mkono ninyamaze, akasema hizo habari za kubadilishiwa vifaa anazijua, hata boti walishamfanyia hivyo, wakamtolea pistoni nzima wakamwekea mtumba. Anataka anione na fundi wangu kesho, na vifaa vyake vya zamani kwenye mfuko. Nimempigia fundi tangu jana usiku. Hapokei.