Mfalme Leopold yupi?

Mtu anaandika makala nzima ya historia, kila aya "Mfalme Leopold", "Mfalme Leopold", bila namba. Leopold yupi jamani? Ubelgiji imekuwa nao watatu! Wa kwanza aliapishwa 1831. Wa pili, mwanawe, ndiye aliyeifanya Kongo mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, watu wakakatwa mikono na kuuawa kwa sababu ya utomvu wa mpira. Wa tatu aling'atuka 1951. Damu ile ya Wakongo ina mwenyewe, na mwenyewe ana namba. Iandikeni!

Tena namba peke yake haitoshi, tajeni na nchi. Kuna Leopold II mwingine kabisa, kaizari wa Dola Takatifu la Kiroma, aliyefariki 1792. Charles V naye? Yuko mfalme wa Ufaransa aliyekufa 1380, na yuko kaizari aliyezaliwa Ghent mwaka 1500, ambaye kwa Wahispania ni Carlos I.

Ufaransa ndiyo inanichosha zaidi. Louis XIV alirithiwa na kitukuu chake, Louis XV, naye akarithiwa na mjukuu wake, Louis XVI, yule aliyekatwa kichwa 1793. Sasa ukiniandikia "Louis alimaliza hazina kwa vita", umeniambia nini? Mwanafunzi anayesoma usiku kesho ana mtihani, anabaki kubahatisha. Na wahariri mnaipitisha hivyohivyo, wakati kuongeza tarakimu mbili tatu hakuchukui hata sekunde.