Kufuli la Kivinjari, na Mwenye Ufunguo Yuko Dar

Jumatatu asubuhi, wageni wakiwa wamekwisha kupanda gari la safari karibu na Mnara wa Saa jijini Arusha, mhasibu wetu alikuwa bado anahangaika na kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kilichogoma kufungua dirisha dogo lenye namba ya malipo ya hifadhi. Alipoingia kwenye mipangilio ili aliruhusu, alikuta kitufe kimefifia, hakibonyezeki, na kando yake maelezo kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika. Shirika lenyewe ni sisi watu 12, na msimamizi ni afisa TEHAMA wa mkataba aliyeko Dar es Salaam, ambaye siku hiyo hakupokea simu.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kufungiwa kuna faida. Ni mimi niliyewahi kupakua kiendelezi cha bure, programu ndogo ya kubandika kwenye kivinjari, cha kugeuza hati kuwa PDF, kikawa kinanipeleka kwenye matangazo ya kamari kila nilipotafuta jambo. Hata lile onyo kwamba cheti cha usalama cha tovuti kimekwisha muda, ambalo zamani tulilibofya bila kulisoma, ni heri lisipitike.

Ninachopinga ni kufunga kisha kuondoka. Vivinjari vya Chrome, Edge na Firefox vyote humwezesha msimamizi kuzuia madirisha ibukizi, yale madogo yanayojitokeza yenyewe, kila mahali na wakati huohuo kuorodhesha tovuti chache zinazoruhusiwa, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya usalama na kazi. Kilichokosekana ni nusu saa ya kukaa na mhasibu na kumwuliza anafungua tovuti zipi kila siku. Matokeo yake alichukua simu yake binafsi, ileile ambayo mwanawe huchezea michezo jioni, akaingiza humo nywila ya akaunti ya kampuni na kumaliza malipo kwa dakika 3. Ulinzi wetu, pamoja na majigambo yake yote, ukawa umeihamisha nywila kutoka kwenye kompyuta inayolindwa hadi kwenye simu isiyolindwa na yeyote. Hongera sana.

Anayetaka kujua amefungiwa nini kwenye Chrome aandike chrome://policy mahali pa anwani. Nilipofanya hivyo nilikuta orodha ndefu, na hakuna hata kipengele kimoja tulichowahi kuelezwa, kana kwamba sisi ndio wezi wanaoviziwa.

Nimemwandikia afisa huyo barua pepe nikimtajia anwani moja tu ya kuongeza. Jana amejibu kwamba ombi langu litajadiliwa. Wageni wale wamekwisha kurudi kutoka Serengeti.