Congal Cáech arudishwe kwenye orodha ya wafalme wa Tara

Akipenda, chongo huita kengeza. Congal mac Scandláin, mfalme wa Ulster kaskazini mwa Ireland kuanzia mwaka 627 hadi 637, hakubahatika kupendwa hivyo. Alibaki na majina mawili: Cáech, yaani chongo, na Cláen, yaani aliyepinda, mwenye kengeza. Katika Kiirishi cha kale, neno hilo la pili ni pia la mtu mpotofu, asiye haki, na wasimulizi wa baadaye walilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Msimamo wangu ni kwamba Congal alikuwa mfalme wa Tara, na orodha zinazomruka zimemdhulumu.

Tara ni kilima huko Meath. Aliyekuwa mfalme wake hakuamrisha Ireland nzima, lakini heshima yake ilipita ya wafalme wengine. Ukisoma orodha za baadaye utadhani cheo hicho kilikuwa mali ya Uí Néill, wazao wa Niall, kwa karne nyingi mfululizo. Congal hakuwa mtu wao. Alitoka Dál nAraidi, ukoo wa watu walioitwa Cruithni, wenye makao yao Ráith Mór katika uwanda wa Mag Line, karibu na mji wa leo wa Antrim.

Ushahidi wake haumo kwenye mashairi ya sifa wala kwenye nasaba. Umo kwenye sheria ya ufugaji nyuki! Andiko lenyewe huitwa Bechbretha, maana yake hukumu za nyuki, na ni la katikati ya karne ya 7, wakati ambapo waliomjua Congal walikuwa bado hai. Mwandishi wake anashughulikia mambo ya shambani. Nyuki wako wanavuka mpaka na kula maua ya jirani, kwa hiyo jirani ana haki ya fungu. Mtu akiumwa bila kuwachokoza, hulipwa asali ya kumtosha mtu mzima kwa mlo mmoja, sharti aape kwamba hakumuua nyuki aliyemuuma. Akishamuua, amekwisha kujilipa. Anayerina asali, anayehamisha mizinga au anayeinama kuwachungulia wakati kundi linatoka hana madai, kwani amejitakia.

Jicho likipofuka, ugumu unakuwa mwingine: utajuaje nyuki alitoka mzinga gani? Sheria inasema mizinga yote ipigiwe kura, na utakaoangukiwa na kura ndio unaotolewa kuwa fidia. Hapo ndipo mwanasheria anapotaja kesi iliyotangulia, ile ya Congal Cáech, aliyepofushwa jicho moja na nyuki. Naye, anaongeza, alikuwa mfalme wa Tara mpaka jambo hilo lilipomwondoa kwenye ufalme wake. Kisha anarudi kwenye mizinga.

Mimi nauamini mstari huo kuliko orodha yoyote. Mwanasheria hakuwa akimtafutia Congal ufalme, wala hakuwa na cha kupata kwa kumpandisha cheo. Alihitaji mfano ambao msikilizaji wake angeutambua bila maelezo, na mfano wa uongo ungeiharibu hoja yake mwenyewe. Sababu ya kuondolewa nayo inalingana na desturi: mfalme alitakiwa asiwe na dosari mwilini. Hata katika hekaya zao, Nuadu alipokatwa mkono vitani alipoteza ufalme.

Wengi hukosea wanapozifuata kumbukumbu za mwaka kwa mwaka za enzi hizo. Kumbukumbu za Ulster kwa kipindi hiki ziko nyuma mwaka mmoja, kwa hiyo tukio lililo chini ya 636 ulisome 637. Majina nayo hutega. Kuna Fiachnae wawili, wote wafalme wa Ulster: Fiachnae mac Báetáin wa Dál nAraidi aliuawa mwaka 626 na Fiachnae mac Demmáin wa Dál Fiatach, ukoo mwingine wa Ulster, ambaye naye aliuawa mwaka uliofuata na watu wa Dál Riata, ufalme uliokuwa na ardhi pande zote mbili za bahari, Antrim na magharibi mwa Scotland. Ukiwachanganya hao, hutaelewa kwa nini kiti kilikuwa wazi kwa Congal mwaka 627. Halafu vita vya mwisho vina Domnall wawili, mmoja kila upande.

Mwaka 628 Congal alimuua Suibne Menn, mfalme wa Tara wa Uí Néill. Tendo hilo halifanani na la mfalme mdogo wa pembeni aliyeridhika na fungu lake. Mwaka 629 Domnall mac Áedo, mfalme mpya wa Uí Néill, alimshinda huko Dún Ceithirn, lakini Congal aliponyoka. Akatafuta msaada kwa Domnall Brecc, mfalme wa Dál Riata. Mwaka 637 majeshi yalikutana Mag Roth, panapohusishwa na Moira ya leo katika Down. Congal aliuawa. Huko Iona, kisiwa cha monasteri ya Mtakatifu Columba, abati Cumméne aliandika baadaye kwamba Domnall Brecc alivunja agizo la mtakatifu huyo kwa kupigana na jamaa zake, yaani Uí Néill, na kwamba tangu siku hiyo watu wa Domnall Brecc walikuwa chini ya wageni.

Leo Mag Roth hutajwa zaidi kwa hekaya ya Suibne mwingine, aliyerukwa na akili vitani akaishi mitini kama ndege. Ni hekaya nzuri, lakini imemfunika mtu halisi aliyekufa pale. Domnall mac Áedo alipofariki mwaka 642, kumbukumbu zilimwita mfalme wa Ireland. Ulster nayo iliangukia zaidi na zaidi mikononi mwa Dál Fiatach, waliokuwa bado wanatawala pale John de Courcy alipoiteka Downpatrick mwaka 1177. Nasaba za washindi zilinakiliwa tena na tena, bila Congal. Jina lake na cheo chake cha Tara vilibaki kati ya mizinga, katika andiko ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kulisahihisha.