Resi ya timu ihesabiwe kwa wa mwisho

Pancha ilitupata katikati ya resi ya baskeli, ndani ya msitu wa Ngezi hapa Pemba, mnara wa taa wa Kigomasha ukiwa bado mbali. Tairi ya nyuma ya sahibu yetu mmoja, yule mwashi. Mimi nilikuwa mbele. Nikasikia akiita, na jambo la kwanza nililofanya, naliandika kama lilivyokuwa, ni kugeuka kuangalia timu ya nyuma yetu imefika wapi. Yeye nilimwangalia baadaye.

Mazoea hayo yana asili yake. Mwaka uliotangulia, resi hii ya baskeli ya vijana wa Wete na Konde ilihesabiwa kwa wa mwanzo. Timu ina watu wanne, anayewahi kufika ndiye anayeipa timu yake nafasi. Tulitoka wa pili. Huyu huyu mwashi alipata pancha hapo Konde, tukampungia mkono tukapita. Alifika Wete jua limeshapinda, anasukuma baskeli, sisi tumeshakula na kupigwa picha. Hakulalamika. Aliomba maji tu, akakaa chini ya mwembe. Mimi usiku ule usingizi haukuja, maana nilijua kuwa mtu yule tulimwita timu kwa ajili ya kutimiza hesabu ya wanne.

Safari hii waandaaji walikubali ombi letu: saa isimamishwe gurudumu la mtu wa nne likipita mstari. Naandika kwa sababu wapo wanaotaka turudi kwenye utaratibu wa zamani, nami naona tutakuwa tumepoteza kitu kikubwa.

Asiyeijua Pemba atadhani kisiwa kizima ni tambarare. Vilima vyetu si virefu, lakini huku magharibi vimefuatana kama mawimbi. Unateremka bondeni penye mpunga, hujapumua unapanda tena baina ya mikarafuu. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ukiingia upande wa Ngezi na Makangale, unakutana na mchanga. Njia kama hiyo haimalizwi na misuli ya mtu mmoja. Aliye mbele anakata upepo, wa nyuma wanapumzika kidogo, kisha mnapokezana. Mmoja anakumbusha wenzake kula tende kabla njaa haijauma, kwa sababu ikishauma umechelewa, miguu inakatika na haina tena la kusikia.

Basi tulisimama pale msituni wote wanne. Mwashi akautoa mpira, mvuvi wetu akaujaza upepo na kuupitisha polepole karibu na midomo yake, akitafuta tundu kwa ngozi. Hakulipata. Tukamimina maji ya kunywa juu yake, na viputo vidogo vikatokea ubavuni, karibu na vali. Msasa, gundi, kisha subira. Gundi lazima ikauke kabla ya kubandika kiraka, na dakika zile ni ndefu kuliko kilima chochote. Timu mbili zikatupita. Mwashi akasema, "Nendeni jamani, mimi nitafuata." Mvuvi akamjibu bila kuinua kichwa, "Twende wapi na mtu wa nne yuko hapa?"

Jibu lile lilitoka kwenye sharti la resi, na ndiyo maana nalitetea. Moyo mwema tulikuwa nao hata mwaka ule wa kwanza. Tulimpenda mwashi, na bado tulimwacha, kwa kuwa hesabu ilitutaka tumwache. Ukibadilisha hesabu, unabadilisha wanachofanya watu njiani.

Na si jambo geni kwetu. Katika resi za ngalawa hakuna baharia anayefika peke yake. Nahodha na mwenye kufua maji chomboni wanagusa pwani kwa pamoja. Hata kwa wenzetu wa Afrika Kusini, kwenye Cape Epic, resi ya baskeli iliyoanza 2004, watu huingia wawili wawili, wanapita milimani siku 8, na wanatakiwa wasiachane kwa zaidi ya dakika 2. Wamo hata wanaoendesha baskeli kwa kazi, na bado wanafungwa na mwendo wa mwenzao.

Wenye mbio wanalalamika kuwa wanazuiliwa. Nawaelewa. Resi za mtu mmoja mmoja zipo, na ni nzuri, waende huko wakapime nguvu zao. Ila hoja moja dhidi yangu ina uzito, na iliniumiza kichwa: ukihesabu wa mwisho, timu zitachagua wenye nguvu watupu, na kina mwashi hawatapata hata nafasi ya kuachwa njiani. Kweli. Dawa ninayoiona ni timu zitoke mtaa mmoja, majina yaandikwe miezi miwili kabla, na asibadilishwe mtu ila kwa ugonjwa. Hapo mkiwa na mzito mtamfundisha kupanda kilima. Sisi tulifanya hivyo kila Ijumaa jioni, tukampunguzia mwashi upepo wa tairi kwa ajili ya mchanga, tukamnyanyulia kiti kilichokuwa chini mno miaka yote. Kiti tu! Magoti yaliyokuwa yakimuuma yakaacha.

Tulifika mnarani, ule wa chuma uliojengwa 1900, tukagusa ukuta wa uzio kama sharti lilivyotaka, tukarudi. Wete tuliingia wanne kwa safu moja, wa tano kati ya timu saba. Mama mmoja muuza halua akatukatia kipande kila mtu na akakataa pesa.

Waandaaji wanakutana msimu wa karafuu ukimalizika. Nitakwenda na ombi la timu za mtaa mmoja, na mvuvi ameahidi kusimama nami. Mwashi hatokuwepo, ana nyumba anaijenga Mtambwe. Juzi nilimpita njiani, amefunga mfuko wa saruji nyuma ya baskeli ile ile. Nikateremka nikaibonyeza tairi. Kiraka hakijaachia.