Asumini ya Bibi na Kidude cha Radi

Ami yangu ana leseni ya redio, wale watu wa kuongea na dunia nzima wamejifunga kikoi. Jina lake la hewani laanza na 5Z4 kama wenzake wa Kenya, na akimnasa Mtaliano usiku kwenye megahezi 14 basi kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hakulaliki, "wanipata? wanipata?" mpaka jirani wa juu amjibu dirishani, "twakupata bwana, lala!"

Masika yalipoanza kunguruma majirani wakaanza maneno, ati mlingoti wa ami utawaitia radi. Ami akacheka. Ashaagiza kidude chake bana, chafungwa kwenye waya wa antena, ndani mna kikopo cha gesi, siku za kawaida kimelala tu hakina habari na mtu ila umeme ukizidi ghafla ile gesi yaamka yaupitisha kwenye waya wa athi uende zake ardhini. Bei sisemi, bibi yuko hai bado.

Sasa athi yataka nondo ya shaba ya futi 8 ishindiliwe chini. Fundi akaitwa. Anayejua Mji wa Kale ajua chini kuna nini, jiwe la matumbawe tupu, sururu yenyewe yakurudia. Fundi akagonga, nondo ikaingia shubiri ikagoma. Akagonga pengine, ikapinda. Akaomba maji, akaomba chai, akaomba mahamri, ami akatoka kwenda kuswali adhuhuri na aliporudi kazi imekwisha!! Waya umeshuka ukutani umenyooka, umepigwa misumari safi, mwisho wake umepotelea nyuma ya chungu cha asumini ya bibi. Ami akalipa, na bakshishi juu.

Radi yenyewe wala haikupiga kwetu, ilipiga mnazi ng'ambo ya barabara. Mie niko jikoni, nikamwambia "ami chomoa hiyo redio mvua hii", akanijibu "nichomoe, kwani kidude nimenunua pambo?" Hajamaliza, PAA! Mwanga wa buluu, harufu ya plastiki, friji ikapiga kite ikanyamaza, na ami huyo ukumbini mbio, kikoi kimebaki kitini, alhamdulillahi ndani alivaa kaptula.

Asubuhi akaja mzee mmoja aliyetengeneza redio za meli Kilindini miaka na miaka. Hakugusa redio, aliufuata waya tu pole pole mpaka chunguni, akashika asumini akavuta, ikatoka na nondo yake. Imekatwa kwa msumeno, urefu wa mwiko wa pilau, imepandwa kwenye udongo na samadi!

Mzee akakaa chini akacheka mpaka akatoa miwani. Akasema umeme umefika chunguni umekuta hakuna njia, ukarudi ukapita ndani ya redio ukatokea kwenye athi ya stima ya nyumba, friji iko laini hiyo hiyo ikapata salamu zake. Na hata nondo ingekuwa nzima, hizo athi mbili lazima ziungwe pamoja, ya antena na ya nyumba, volti ikipanda ipande kote kuwili, la sivyo redio ndiyo daraja. Kwa jiwe letu hili, akasema, waya wa shaba ulazwe mtaroni urefu mrefu, nondo fupi fupi kadhaa zishikane. Na wingu likija chomoa, antena na stima zote, radi ikikupiga wewe mwenyewe ni kama ampea 30,000, kikopo gani cha gesi kitasimama hapo.

Ami akampigia fundi simu, akaweka spika tusikie sote fundi akijibu.

"Mzee wangu, si ulisema waya ufike kwenye udongo? Sasa mule chunguni mlikuwa na nini, sukari?"

Ami akakosa la kusema. Bibi akampokonya simu. Habari ya redio hakuitaja, ya friji hakuitaja.

"We mwana, hiyo asumini nimeipanda tangu babako hajaoa. Kesho uje na mche, na samadi uje nayo, na mahamri usitegemee."